Niliuficha Udongo Mweusi kwa Ajili ya Shamba la Mama

(Aliyetuletea barua hii ameomba tumfichie jina lake na la kijiji chake, nasi tumemkubalia. Msomeni kwa huruma. – Mtunza ukurasa)

Ndugu wasomaji,

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, Mnyamwezi, Mkatoliki, nina mke na watoto wawili. Naishi kijiji kimoja kisicho mbali na Kwihara. Kazi yangu ni kupima udongo mahali panapotakiwa kujengwa. Nilijifunza jeshini wakati wa vita, tulipokuwa tukitengeneza barabara na madaraja, na niliporudi nikaajiriwa na msimamizi mmoja wa ujenzi, Mzungu, pale Tabora mjini. Tangu mvua zianze situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naona afadhali nitembee, na miguu inanipeleka kule kule kwenye msingi wa zahanati yetu.

Kiangazi kilichopita tulipata habari njema. Zahanati itajengwa kwetu, yenye chumba cha wanawake kujifungulia. Kwetu mwanamke mwenye uchungu hubebwa kwa machela mpaka mjini, na wengine hawafiki. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, akaonyesha mahali pawili. Pa kwanza ni bondeni, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, hapana mtu. Pa pili ni mwinuko wenye nyumba na shamba la karanga la mama yangu. Mama ni mjane. Baba alipoacha upagazi alilifyeka pori lile kwa mikono yake, na kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Mwanangwa alisema, "Kama mwinuko ndio bora, mama yako atapewa shamba jingine." Bwana wangu, yule Mzungu, akaniagiza nichimbe mashimo pote pawili, kisha nimwandikie nilichokiona.

Mwinukoni nilikuta udongo mwekundu wenye changarawe, mgumu, mkavu mpaka futi kumi. Bondeni, juu juu, kuna mchanga mzuri wa kumdanganya mtu. Futi ya nne mchanga ukaisha, nikakuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyumba ikikaa juu yake, kuta hazikosi nyufa. Futi ya saba shimo likaanza kutoa jasho. Nikalifunika kwa matawi, na asubuhi nilipoingia maji yalinifika magotini. Hapo ni kiangazi! Wakati wa masika maji yatapanda mpaka kwenye msingi, na choo kikichimbwa pale uchafu utaingia kisima tunachokunywa wote.

Nilikaa ukingoni mwa shimo lile mpaka jua likawa kali. Kisha nikayafukia mashimo ya bondeni mwenyewe, nikachukua karatasi, nikaandika: "Bondeni ni mchanga mgumu. Maji sikuyaona."

Msingi ukachimbwa bondeni. Mkuu wa waashi ni mzee wa Kiislamu wa mjini. Nitamwita Mzee Salumu, ingawa silo jina lake. Mvua za kwanza zilinyesha, zikakatika. Siku ya nne akaniita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwanangu, siku nne hakuna hata tone, na mtaro umejaa. Maji haya yanatoka juu au yanatoka chini?"

"Ya juu, Mzee. Yamekosa pa kupita."

"Haya. Wewe ndiye uliyechimba, wewe ndiye unayejua. Masika yakiisha tutainua kuta."

Laiti angenitukana! Kule kuniamini kulinichoma hata nikashindwa kula siku ile. Jioni nikaenda kwa mama, nikamweleza yote, tangu shimo la kwanza mpaka karatasi. Alikuwa akimenya karanga. Hakuacha. Nilipomaliza akauliza:

"Baba yako nimhamishie wapi?"

"Mama, kuna wanawake watalala mle na vichanga."

"Mimi nimezaa saba hapa hapa chini ya nyasi, na hakuna ukuta ulioniangukia. Nenda kaseme. Lakini siku nikifa usikanyage maziko yangu."

Tangu siku hiyo nikimwamkia haitikii. Huwaita wanangu, huwapa karanga, mimi hunipita kama gogo. Na jana mke wa jirani yetu, mwenye mimba changa, alinisimamisha njiani akacheka, "Huyu wangu atazaliwa kwenye nyumba yenu ya matofali!" Nikacheka naye. Sijui nilicheka nini.

Bwana yuko safarini upande wa Bukene, atarudi mvua zikipungua. Mawe ya msingi yamekwisha letwa. Nikisema, huenda nikafukuzwa kazi, nalo hilo nimekwisha likubali. Lisilonitoka moyoni ni mama.

Wenzangu mnaosoma, nishaurini, ila msiniambie nisubiri. Nianze na nani: bwana, Mzee Salumu, au nirudi tena kwa mama nikapige magoti? Na akikataa mara ya pili, nifanye nini?