Majani Manne ya Mgomba, Njia ya Kimwani

Tuliondoka Kashai kwa sababu moja: kaka yangu Deo anataka kuoa, na mara ya kwanza tulichelewa. Pikapu ya Mjomba Rwegasira iliharibika njiani, tukafika ukweni jioni, tukaambiwa kwa heshima zote turudi siku nyingine. Safari hii baba wa binti alituma neno: kabla ya saa sita mchana, au tusihangaike tena.

Saa mbili asubuhi tulipakia mikungu ya ndizi na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mjomba, ambaye ndiye mshenga, akashika usukani. Deo akakaa katikati na suti ya kuazima, hapumui isije ikafumuka. Mimi Koku, binti wa fundi gereji, kidato cha tatu, nilichukuliwa nishike kibuyu.

Kemondo tukasikia harufu ya kuungua. Ni msimu wa senene, wale panzi watamu, kila nyumba wanakaangwa. Mjomba akameza mate. "Hao wameachwa motoni mno. Mpishi anachati."

Karibu na Muhutwe harufu bado ilikuwepo. "Mjomba, huyu mpishi anatufuata kwa baiskeli?"

"Koku, adabu."

Mteremkoni akakanyaga breki. Gari likavuta kulia kama mbuzi aliyeona mihogo, na chini chuma kikalia juu ya chuma. Aliyekumbatia kibuyu ni Deo, siyo mimi. Tukasimama kando ya shamba la migomba.

Mjomba akagusa boneti. "Ni jua tu."

Saa tatu, mawingu tele.

Nikamwomba mwenye shamba, Ma Jeni, vipande vinne vya jani la mgomba. Kwetu kila mtu anajua jani bichi hupasuka ukilikunja, mpaka ulibabue motoni ndipo linalainika. Nikabandika kipande kwenye kila gurudumu, nikahesabu hadi mia. Vitatu vikabaki vigumu. Cha mbele kulia kikalegea kama Deo akimwona mchumba.

"Hicho unafungia chakula kabisa," Ma Jeni akasema.

Jeki, spana, gurudumu likatoka. Pedi ya breki ya ndani imekwisha, chuma kinakwaruza diski. Ya nje bado nene. Baba alinifundisha: zikilika hivyo, pini ambazo breki huteleza juu yake zimeshika kutu, breki ikibana haiachii.

"Pedi mpya tutatoa wapi?" Deo akauliza, karibu alie.

Mjomba akakohoa. Akapapasa chini ya kiti, akatoa boksi lenye vumbi. "Nilinunua Pasaka. Nilikuwa nasubiri nafasi."

Nikasugua pini kwa msasa, nikazipaka grisi tuliyoomba kwa vijana wa bodaboda, nikafunga pedi mpya magurudumu yote mawili ya mbele. Mjomba alitaka kuondoka hapo hapo. Nikamzuia: kanyaga breki kwanza, pedi mpya bado hazijaifikia diski. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Kanyaga tena. Ya nne ikagoma kushuka.

"Sasa twende," nikasema. Mjomba akatii, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Muleba tukapita bila kusimama. Kimwani tuliingia saa sita kasoro dakika kumi. Baba wa binti, Ta Kagaruki, alikuwa mlangoni anatazama saa yake. Akatuingiza ndani, akaleta kahawa ya kutafuna, kama desturi inavyotaka kwa mgeni. Tukanyoosha mikono. Yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Na huyu?" Ta Kagaruki akauliza.

Mjomba ana maneno mengi, ndiyo maana ni mshenga. Siku hiyo alitumia machache. "Waitu, mzee wetu, huyu ndiye aliyetufikisha."

Ta Kagaruki akanipa mimi kahawa kwanza. Mjomba akatazama dari. Saa tisa posa ilikuwa imekubaliwa, na suti ya Deo imefumuka kwapani kwa furaha.

Nilichojifunza: kitu kikinukia safarini, kichunguze kabla hujameza mate.

Wakati wa kurudi, Kemondo, harufu ikatupiga tena. Mjomba akasimamisha gari bila kuambiwa. Akakata jani mwenyewe, akazunguka gurudumu moja moja akihesabu kwa sauti. Yote manne, jani gumu.

"Basi hao ni senene kweli," akasema, akaenda kubisha hodi nyumba ya jirani.