Uzi wa Utumbo kutoka Ludara

Mimi ndiye niliyeukata ule uzi. Naanza na hilo kwa sababu Koboko kuna watu wanaopenda kusimulia habari za wenzao, na sitaki mtu anitangulie katika hadithi yangu mwenyewe.

Niliondoka Arua na mashati mawili. Nairobi nilibeba mifuko ya saruji mchana na kusoma jioni, hadi nikapata diploma ya ufundi wa sauti. Hakuna ndugu wala mbunge aliyenishika mkono. Leo ukihudhuria harusi ya maana Arua, au ukiwa kule nje ya mji, Aroi, usikie mkutano wa injili unaofanyika mjini, ujue spika ni zangu. Kwa hiyo lilipokuja kundi la wanamuziki watano kutoka Ulaya, sikushangaa kuitwa mimi. Walitaka mtu wa vyombo, wa gari na wa kutafsiri. Wangepiga mara moja tu, Koboko, Jumamosi alasiri.

Walifika Alhamisi, na siku hiyohiyo nikapigwa na butwaa la kwanza. Kiongozi wao, mama mmoja mrefu mwenye nywele fupi za mvi, aliziangalia spika zangu nne zilizopangwa katika ukumbi wa mazoezi kule Arua Hill, akatabasamu, akasema hawatazihitaji.

"Hata moja?" nikamuuliza.

"Hata moja. Ala hizi zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba, si kwa ajili ya umeme."

Ala zenyewe zilinitia huruma. Kulikuwa na filimbi ya mbao isiyo na chuma hata kidogo, gambusi la shingo ndefu, fidla mbili, na viola ya kale ya yule mama, yenye nyuzi sita, ambayo aliishika katikati ya magoti kama mtu anayekama mbuzi. Walisema wanapiga muziki wa Baroki, wa miaka mia tatu iliyopita, kwa ala za namna ileile iliyotumika wakati huo. Nikajiuliza ni nani anayepanda ndege kuja kutuonyesha umaskini wa babu zake.

Ijumaa waliniachia ufunguo wa ukumbi wakaenda kula. Nikakichukua kipima sauti changu, kile kidude kinachowaka taa ya kijani sauti ikiwa sawa, nikaijaribu viola. Kila uzi ulikuwa chini kwa nusu sauti. Nikajaribu fidla, nazo vilevile. Nilifikiri joto na barabara vimezilegeza zote, na kwamba wageni hawa wataaibika mbele ya watu wangu. Mtu mwenye diploma haachi kitu kama hicho. Nikaanza na viola, nikavizungusha vigingi vya kukazia nyuzi taratibu nikisubiri taa ya kijani. Nyuzi tano zilikubali. Wa sita, ule mwembamba kuliko wote, ulilia, kisha ukakatika na kunichapa kwenye kidole.

Yule mama aliporudi nilimwambia ni joto.

Hakunishuku. Alikaa chini na kuuweka ule uzi mapajani, akasema ndio ulikuwa wa mwisho. Mbili za akiba zilikatika safarini kwa ukavu. Nikamwambia asijali, mjini nyuzi zipo, hata za nailoni nitampatia.

"Huu si nailoni," akasema. "Ni utumbo wa kondoo."

Nikaushika. Ulikuwa mkavu, wa rangi ya asali, umesokotwa. Nilikuwa nimezishika nyingi za namna hiyo utotoni. Kabla sijasema neno, yeye akaigusa viola na uso ukambadilika. "Ajabu. Hizi nyingine zimepanda. Sisi huziweka chini kwa makusudi, kama walivyoziweka wenyewe zamani." Akaanza kuzilegeza, mmoja mmoja, akitikisa kichwa.

Kwa makusudi. Miaka yote shuleni hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kuwa chini kwa makusudi.

Nilimwambia nina mjomba Ludara, kaka wa mama yangu, ambaye husokota nyuzi za utumbo wa mbuzi kwa ajili ya adungu, kinubi chetu. Sikumwambia kwamba sikuwa nimekanyaga kwake kwa miaka miwili. Niliporudi kutoka Nairobi nilimfanyia mjomba hisani: niling'oa nyuzi zake zote za utumbo, nikamfungia nyuzi za nailoni za kuvulia samaki, nikaziweka sawa kwa kipima sauti. Alishukuru. Baadaye nikasikia hapigi tena, nikasema ni uzee.

Jumamosi asubuhi mimi na yule mama tukawatangulia wenzake, tukapita Koboko bila kusimama, tukaenda Ludara. Mjomba alikuwa akianika mihogo. Baba yake alikuwa askari, na mpaka leo mjomba humkagua mgeni kuanzia viatu kwenda juu.

"Mtoto ya dada yangu," akasema. "Leo umekumbuka njia?"

"Shikamoo, mjomba. Kazi ilikuwa nyingi."

"Iko nyingi, ndiyo. Kelele yako tunasikia mpaka huku. Na huyu mama, umeleta nioe?"

Nikamweleza shida. Aliomba kuuona uzi uliokatika. Akauweka juani, akaupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba kutoka ncha moja hadi nyingine, akanitazama.

"Nani alivuta?"

"Ni joto, mjomba."

"Joto nakata hapa, mahali inasugua mti. Hii imekatika kwa kigingi, na imejikunja. Hii mutu alivuta." Akaelekeza kidevu kwa yule mama, aliyekuwa amesimama akingoja. "Mwambie."

Nilikuwa mkalimani. Mama yule hakujua neno hata moja la Kiswahili, na mjomba hakujua lugha ya mama yule. Katikati yao nilikuwa mimi peke yangu, na ningeweza kusema chochote. Nikafungua mdomo kusema kwamba mzee anauliza habari za safari.

"Kama hutaki kumwambia, rudi na gari yako," mjomba akasema polepole. "Waya ya adungu iko. Lakini kwa mwongo hapana."

Nikamwambia. Nilimweleza yule mama habari za ufunguo, kipima sauti na taa ya kijani. Niliyasema kwa Kiingereza cha diploma, na kila neno lilikuwa zito kuliko mfuko wa saruji. Akauliza, "Ulifikiri tumekosea?"

"Ndiyo."

"Wote watano?"

Mjomba alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na mkebe wa maziwa ya unga, na ndani, zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, zilikuwamo nyuzi zilezile nilizozing'oa kwenye adungu yake na kumwambia atupe.

"Kwa nini hukuzirudisha, mjomba? Kwa nini uliacha kupiga?"

Alicheka kidogo. "Wewe iko na masomo, nikasema labda hiyo yako ndiyo sawa. Lakini ulipandisha sauti. Koo yangu haiwezi panda. Nikipiga hivyo, nani ataimba?"

Nilikuwa nimemnyamazisha mtu aliyenifundisha kuimba, kisha nikapita mjini nikisema amezeeka.

Yule mama alichagua uzi mwembamba kuliko wote. Ulikuwa mnene kidogo kuliko wake, na haukutaka kupanda hadi sauti aliyoizoea. Nilidhani mambo yameharibika. Lakini Koboko, ukumbini, aliwaambia wenzake, nao wakashuka. Fidla zikalegezwa, gambusi likalegezwa, na mwenye filimbi akaivuta kwenye maungio ili irefuke na sauti ishuke. Watu watano walishuka kuufuata utumbo wa mbuzi wa Ludara.

Wasikilizaji walikuwa wafanyabiashara wa soko, wazee wa familia za jeshi, na akina mama kutoka kanisani na msikitini. Mwanzoni mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Spika ya huyu imekufa?" Jirani yake akamwambia, "Nyamaza, tunasikia." Nao walisikia. Nimefanya kazi ya sauti miaka mingi, na sijawahi kuona watu wa Koboko wakiinamisha shingo ili sauti iwafikie. Mjomba, tuliyekuja naye garini, alikaa mstari wa mbele, macho kwenye uzi wake.

Walipomaliza yule mama alitaka kumrudishia. Mjomba akakataa.

"Aende nayo. Zingine ziko kwa mkebe." Akanigeukia. "Hizo huyu atafunga, kwa mkono yake."

Nilizifunga Jumapili, kibarazani kwake. Nilikata nailoni yote. Nilipofika kwenye uzi wa kwanza nikauliza niukaze hadi wapi, huku mkono mmoja tayari umeingia mfukoni kutafuta kipima sauti.

Mjomba aliimba sauti moja, ya chini, akaishikilia mpaka nilipoutoa mkono mfukoni na kukizungusha kigingi.