Vidonge Ndani ya Kochi

Mdogo wangu wa kiume tulimwita Misumari. Alikuwa fundi wa makochi. Akipigilia kitambaa, alijaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku akitania wateja. Maisha yake yote hakumeza hata mmoja.

Figo zake zilipokufa, mimi ndiye niliyempa yangu. Sikuombwa mara mbili.

Daktari alituketisha akasema, “Seli za figo hazielei tu humo ndani. Zimeshikilia utando mwembamba, na utando huo ndio unaoziongoza katika kazi. Ukiacha dawa, mwili utaishambulia figo ya dada yako. Kovu litajaa, pawe pagumu, seli zikose pa kushika. Na kovu halirudi nyuma.”

“Kama kochi,” Misumari akadakia. “Mikanda ya chini ikioza, hata uweke velveti, mgeni atakaa sakafuni.”

Kumbe alielewa. Hilo ndilo linalonikata maini mpaka leo.

Akahamia kwangu. Kila asubuhi nilimpa vidonge kwa mkono wangu mwenyewe.

“Fungua mdomo, we mzee.”

“Dada, unataka uone mpaka utumbo?”

Nacheka, naondoka na kikombe. Kwa shukrani akanishonea upya kochi langu, nikaliringia mtaa mzima.

Kisha miguu yake ikavimba. Daktari akachukua kinyama cha figo kwa sindano, akakipima: kovu limetanda. Akaniuliza kama mgonjwa anameza dawa. Nikamjia juu. “Nampa mimi! Unaniona mtoto?”

Nilirudi nimechoka, nikajitupa kwenye kochi. Kitu kigumu kikanifinya pajani. Nikapenyeza vidole kwenye pindo la mto: vidonge, rundo zima, vingine vimegandana kwa mate.

Nikamwita, nikamwonyesha kiganja.

“Mikono ilikuwa inatetemeka, dada. Ni hiyo dawa. Nyundo inapiga kidole badala ya msumari. Fundi asiye na mikono ni nani?”

“Si ungesema, daktari aibadilishe?”

“Niliogopa mtanifungia kazi.”

“Na mimi nilikupa nini? Kiazi?”

Akaviokota kiganjani mwangu kimoja kimoja. Kumbe mdomo uliozoea kushika misumari ulikuwa ukivishika mpaka niondoke na kikombe.

Sasa amerudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Nampeleka, kwa kuwa ni damu yangu, lakini njiani simsemeshi.

Kochi bado lipo sebuleni. Wageni hulisifu: misumari imepangwa mstari mmoja, haikuyumba popote. Hata mimi niliisifu. Nami ndiye niliyeona mikono yake ikitetemeka wiki ya kwanza ya dawa, nikashukuru ilipotulia, bila kujiuliza kwa nini.