Niliapa Uongo Kumkinga Bosi, Mjane wa Watu Kapoteza Shamba

Wapendwa, jina langu lifichwe, Babati ni ndogo. Nina miaka 34, naishi Bagara na wanangu wawili. Mwaka wa tisa huu ni katibu muhtasi upande wa kesi kwenye ofisi kubwa ya mawakili. Nachapa hati, napanga mafaili, nafuatilia tarehe za mahakama. Nawaandikia nikiwa na hasira.

Kuna mjane wa Singe, nimwite Mama Paskali. Shemeji yake alimshtaki akidai shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, akashinda kwenye baraza la ardhi. Mama akaja kwetu tumkatie rufaa, kesi akapewa bosi wangu. Rufaa niliichapa mwenyewe ikaisha, ikabaki yeye kuipitia na kusaini. Nilimkumbusha kwa mdomo, nikamkumbusha kwa WhatsApp mara tatu. Akanijibu, "Acha kunifundisha kazi." Akaenda zake Arusha kwenye sendofu ya mdogo wake aliyekuwa anaolewa, muda wa rufaa ukapita.

Aliporudi aliniita, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na hati ya kiapo kwa jina langu, kwamba mimi ndiye niliyeweka faili kabati lisilo lake nikalisahau.

"Saini, tuombe kuongezewa muda."

"Bosi, huu ni uongo."

"Unataka huyo mama anyang'anywe shamba? Basi usisaini. Na kesho usije."

Nikasaini. Mungu ni shahidi, nilidhani namwokoa yule mama.

Mahakama ikakataa. Jaji alisema uzembe wa katibu si sababu ya kutosha. Tulipotoka nje, bosi akamwambia Mama Paskali nikiwa nimesimama palepale, "Mama, mimi nilifanya kila kitu. Aliyekuponza ni huyu."

Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, nilikukosea nini?"

Wiki iliyofuata shemeji yake akaingiza trekta shambani, mahindi ya mama yakiwa bado machanga.

Na bosi? Ndiyo kwanza ananituma chai. Juzi nimemsikia akicheka na mawakili wenzake, "Makatibu wa siku hizi ni mzigo." Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyomchukia huyu. Hata sauti ya viatu vyake inanitibua.

Sasa Paskali, mtoto mkubwa wa yule mama, amenifuata. Anataka kumshtaki bosi kwenye kamati ya maadili ya mawakili, na ameniuliza uso kwa uso, "Dada, kweli ni wewe?" Nikamwomba anipe siku chache. Meseji zote ninazo kwenye simu. Nikizitoa, bosi ataumbuka, ila na mimi nitakuwa nimekiri kuwa niliapa uongo. Naweza kufungwa, na wanangu hawana baba. Nikinyamaza, yule mama atanilaani mpaka anaingia kaburini, na ana haki.

Paskali anataka jibu Jumatatu. Nisemeni mtakavyo, matusi nitayapokea, lakini msiniache bila jibu. Ungekuwa wewe, ungezitoa hizo meseji, au ungefunga mdomo ulee wanao?