Asidi Inayokunywa Ukungu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha maziwa cha ushirika mjini Embu, mkuu wa maabara hakunionyesha maziwa. Alichukua kitambaa cheupe cha pamba, akakidondoshea tone la kitu kilichofanana na mafuta ya kupikia, akaniuliza naona nini. Nikasema sioni kitu.

"Basi kifue."

Nilipokisugua ndani ya maji, pale tone lilipoangukia pakatoboka, kidole changu kikapita upande wa pili.

"Hii ni asidi ya salfa," akasema. "Haina harufu, haina moshi, haina haraka. Wewe ndio uko na haraka."

Ninyi vijana mnaopima maziwa kwa kubonyeza kitufe hamkuijua kazi ile. Kiwanda kilitaka kujua maziwa ya kila mkulima yana mafuta kiasi gani, maana walikuwapo waliokamua mara mbili, kwanza ng'ombe halafu mto. Tulitumia butirometa, chupa ya kioo yenye shingo nyembamba iliyochorwa vipimo. Asidi ilitangulia, kisha maziwa yakateremshwa polepole ubavuni mwa chupa, mwisho alkoholi kidogo. Ukiifunga na kuitikisa, maziwa yanageuka kahawia, kisha karibu meusi, na chupa inakuchoma kiganja ingawa hakuna moto popote. Asidi imekula kila kitu isipokuwa mafuta. Ukiizungusha kwenye mashine, mafuta hupanda shingoni yakiwa safi, nawe unasoma kipimo. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikaota mvi, lakini ule wakati wa maziwa kugeuka rangi sikuuzoea.

Mkuu wa maabara alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala. Ukitaka kupunguza nguvu ya asidi, unaimimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya asidi, yanachemka papo hapo na kuirusha usoni mwako.

"Macho hayana spea," alisema.

Baadaye nilihamishiwa milimani, juu ya Maua, kwenye kituo kidogo cha kupokea maziwa. Pikapu za miraa zikishapita alfajiri, barabara ilibaki kimya na ukungu ukatushukia. Siku nyingine sikuweza kuona lango kutoka mlango wa maabara. Meneja wa kituo alikuwa mtu mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kuosha matangi.

Miongoni mwa wakulima wetu alikuwamo mjane mmoja mzee, Mama Kathure, ambaye daima alivaa koti zito la sufu la marehemu mumewe. Alilea wajukuu kwa ng'ombe mmoja tu, Njeru. Msimu ule chuchu za Njeru zilianza kupasuka. Alikamuliwa kwa shida, na maziwa yaliyofika kituoni yakazidi kupungua kila wiki. Daktari wa mifugo alisema ni baridi, akatoa mafuta ya kupaka. Mama Kathure aliyapokea, lakini akaja kwangu.

"Msichana wa Embu, hiyo maziwa ya Njeru unachukua kidogo, unapeleka wapi?"

Nikamweleza.

"Kumbe mnachoma." Alivuta koti lake. "Kwetu maziwa ikimwagikia moto, mwenyewe anapoza na maji. Usipopoza, ng'ombe anapasuka. Na huyu akikauka, hao watoto nitawapatia nini?"

Sikumcheka. Mama yangu, kijijini kwetu Manyatta, alisema hivyo hivyo maziwa yakifurika jikoni, ingawa Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani.

Wakati huohuo tulipokea asidi mbovu. Majani makavu yaliyoukinga mtungi yalikuwa yameingia ndani, na asidi ikabadilika kuwa kahawia. Ya namna hiyo haifai kupimia. Meneja aliamuru imiminwe kwenye beseni pana la kauri nyuma ya stoo, ndani ya uzio, ingoje chokaa ya kuiua nguvu. Chokaa ilichelewa. Kila asubuhi nilipokwenda kutazama niliikuta imepanda kidogo, na hakuna aliyeongeza kitu. Asidi kali huvuta unyevu wa hewani, hilo nililifundishwa. Hata hivyo, niliposimama pale peke yangu katika ule weupe, nikitazama beseni linajijaza lenyewe, nilirudi nyuma hatua moja.

"Inakunywa," sauti ikasema.

Mama Kathure alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio. Sikujua amekuwapo kwa muda gani.

"Hiyo si maziwa, Mama. Ni asidi tupu."

"Na ni kwa nini iko na rangi ya ile mnachoma? Wacha nipoze."

Nikamkataza kabisa, nikamweleza habari ya maji na macho. Nikamwendea meneja pia, naye akasema maabara si mahali pa matambiko, akafunga lango la uzio kwa kufuli.

Kufuli haikuzuia kitu, kwani uzio ulikuwa wa mbao na Mama Kathure alikuwa mama wa shamba. Kesho yake adhuhuri nilikuwa dirishani nikisoma kipimo, ukungu ukapasuka kidogo, nikamwona kando ya beseni. Mbao mbili zilikuwa zimeng'olewa. Mkononi alishika kibuyu. Niliita jina lake huku nikikimbia. Nilipofika kona ya stoo aligeuka, akalipa beseni mgongo, akamwaga maji kupitia juu ya bega lake.

Beseni lilinguruma. Asidi iliruka juu yake na kumpiga mgongoni, yeye akabaki wima, hakugeuza kichwa. Nilimfungulia mpira wa maji wa kuoshea matangi, nikamwosha mpaka akatetemeka. Lile koti la sufu lilipokea karibu yote. Shingoni alibaki na makovu. Macho yake yalikuwa mazima.

Tukiwa tunamfunga bandeji nilimuuliza kwa nini aligeuka.

"Maji ya kupoza haimwagwi ukiangalia," alisema. "Ukiangalia, hiyo kitu inakuona."

Njeru alipona. Daktari alisema ni mafuta yake, na huenda ni kweli.

Nilimaliza utumishi wangu katika kituo kingine karibu na Nchiru, nikipima kwa mashine isiyohitaji asidi, nikarudi Manyatta. Maziwa yakifurika na kumwagikia moto, huwa nachota maji, nageuka, namwaga kwa nyuma, na nasubiri ile sauti inyamaze kabisa ndipo nitazame. Mkazamwana wangu hucheka.

"Na wewe, Mama, na masomo yako yote ya maabara?"

Namwambia macho hayana spea. Siku hizi akiwa peke yake jikoni, nimemwona naye akigeuka.