Sikufungua Ukurasa wa Thelathini na Tisa

Nilikuwa najiambia hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Nimeona ukame ukimaliza kundi zima. Nimekaa mpakani Liboi siku tisa na mifugo nikisubiri ukaguzi. Nilianza na mbuzi wawili kule Griftu, na leo hakuna dalali wa soko la Garissa asiyeijua sauti yangu. Yote hayo kwa darasa la nne.

Sasa kitabu chembamba kimenishangaza, na kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure.

Kuna jirani yangu mmoja, mstaafu, sisi sote tunamwita Mwalimu. Chai tunakunywa banda moja, nje ya soko. Binti wa kaka yake aliandika kitabu cha maisha ya babu wa Mwalimu, mzee Guhad, mchimba visima wa zama za Mwingereza. Nje ya ukoo wao ni wachache waliowahi kumsikia. Mwalimu akawa anagawa nakala bandani kama mtu anayegawa tende. Aliponifikia akasimama.

"Chukua, tajiri. Usiogope, kina picha."

Madalali walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hata mama mwenye banda alicheka, na mimi ndiye niliyemlipia hospitali alipojifungua. Nami nikacheka. Lakini moyoni nilisema, Mwalimu, hii utaitapika.

Nikaenda nacho nyumbani. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, siku nne. Sikuwa natafuta elimu. Nilikuwa natafuta pa kumkamata.

Nikampata ukurasa wa thelathini na nane. Ulisema serikali ilikuwa inanyang'anya watu ngamia, na Guhad akachukua mshahara wa kuwaongoza askari. Akawapeleka moja kwa moja hadi kwenye kisima walikopiga kambi watu wake mwenyewe, na ngamia wao. Ukurasa ukaishia hapo.

Nami nikaishia hapo. Wallahi sikufungua uliofuata. Nilikifunga kitabu kama mtu aliyeokota pochi.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mtu wa fotokopi kabla hajafungua. Nikatoa nakala arobaini, nikazipitisha sokoni. Nikapiga ukurasa picha, nikautuma kwa simu na sauti yangu juu yake: "Huyu ndiye babu wa Mwalimu anayetufundisha heshima. Aliuza watu wake kwa mshahara. Damu haifichiki." Ilifika mpaka Takaba, mbali kaskazini. Watu wa huko walinipigia wakicheka.

Nitakuambia ukweli, zile wiki mbili zilikuwa tamu. Mwalimu akipita, mtu anauliza kwa sauti, "Leo unawapeleka askari wapi?" Akaacha kuja kunywa chai. Kiti chake nikakikalia mimi.

Kisha wazee wa ukoo wake wakaja kudai haal. Kwetu, ukimvunjia mtu heshima hadharani, hata kama amekufa, unalipa mifugo, na hiyo ndiyo haal. Sikuogopa. Malipo ya namna hiyo hayamwangukii mtu mmoja. Ukoo mzima unachanga. Na mimi nimechangia makosa ya watu wangu miaka yote, tena natoa wa kwanza, na nahakikisha kila mtu ameona.

Tukakaa uani kwa chifu mstaafu, wao upande ule, sisi upande huu. Kwetu alizungumza adeer, yaani baba yangu mdogo, mzee asiyependa maneno mengi. Mwalimu alipoulizwa anataka nini, alitoa kitabu mfukoni.

"Nataka tajiri atusomee ukurasa unaofuata. Huo tu."

Nilisoma. Watu sitini wananiangalia, neno moja nalirudia mara tatu. Ukurasa ulisema askari walipofika kisimani walikuta majivu baridi. Guhad alikuwa amewatanguliza wanawe siku tatu kabla, kuwaambia watu wahame. Askari walipogundua walimchapa viboko, wakamfunga, na alirudi kwake akiwa na jicho moja. Halafu yakafuata majina ya waliookoka na ngamia wao. Katikati ya majina hayo alikuwapo mwanamke anayenyonyesha, wa ukoo mwingine aliyepiga kambi nao, Dahabo.

"Rudia jina hilo," adeer akasema.

"Dahabo."

"Huyo ni nani?"

Nikaweka kidole juu ya jina. Ni nyanya yangu. Mtoto aliyekuwa ananyonya ni baba yangu mzazi.

Wazee wakakata haal: ngamia wanane majike. Nikageuka kuangalia watu wangu, kama desturi ilivyo, nikingojea kila mtu ataje mchango wake. Hakuna aliyefungua mdomo. Binamu yangu niliyemnunulia lori alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Adeer," nikasema, "tunachanga vipi?"

"Hatuchangi," akajibu. "Sisi tukilipa, tutakuwa tumemtukana pamoja nawe mtu aliyemwokoa mama yangu. Na wewe kila siku unatuambia hakuna aliyekusaidia, umejitengeneza mwenyewe. Basi jilipie mwenyewe, tajiri."

Hilo neno, tajiri, alilisema kama Mwalimu alivyolisema. Nimewahi kupoteza wanyama wengi zaidi kwa ukame. Lakini ukame haukuninyamazia.

Usidhani nimempenda Mwalimu. Amerudi kwenye kiti chake, ananisalimia kwa upole, na upole huo unanichoma kuliko kicheko. Kitabu chake nimekisoma chote mara tatu, picha na maneno, nikitafuta kosa la pili. Sijalipata. Nikilipata nitalisema, ila safari hii nitafika jalada la mwisho kwanza.

Na wewe unayenisoma, kama una hasira na mtu na umeokota ukurasa wa kumchinjia, usiupitishe. Fungua unaofuata. Ukishindwa kusoma, mlipe mtu akusomee, itakuwa rahisi kuliko hesabu yangu mimi: fotokopi arobaini, shilingi mia nne, na ngamia wanane majike, wawili wana mimba, wote kutoka zizi moja.