Tulimlilia Farasi

Kuna mwanamke mmoja huko Marekani anayeimba akiwa amekaa jikoni kwake, na mimi ni shabiki wake. Wanangu wanasema nimerogwa. Sawa, aliyeniroga Mungu ambariki.

Hana kampuni nyuma yake, hana wacheza shoo, hana hata mpiga ngoma. Ana gitaa lililokwaruzika, kiti kinacholia akijigeuza, na friji linalonguruma kama la kwangu. Anatunga mwenyewe, anajirekodi mwenyewe, na akialikwa kuimba mji mwingine anaendesha gari mwenyewe. Kuna wimbo wake mmoja ambao katikati mbwa anabweka huko nje, na yeye hakuukatiza wala kuurudia. Alitabasamu tu, akaendelea. Nilipoliona lile tabasamu nilimpenda papo hapo.

Nilimpata kwa bahati. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kibarazani kwangu hapa Mtoni, ndani kidogo ukitoka Barabara ya Kilwa. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa muziki wa kantri. Jumapili mchana, akishatoka kanisani na kushiba wali, anavua viatu, anafungua redio, na ole wako mtoto utakayepiga kelele kabla kipindi hakijaisha. Wababa wengi wa umri wake walikuwa hivyohivyo, sijui nani aliwaambukiza. Basi siku moja nashona sare za shule, nikatafuta nyimbo zile kwenye simu. Zikaisha, simu ikaendelea kuniletea nyingine yenyewe bila kuulizwa, ikamleta huyu.

Kiingereza changu ni cha shule, tena shule ya zamani. Lakini huyu mama haimbi mbiombio. Analitoa neno, anakuachia nafasi ulishike, ndipo analeta lingine. Na mambo anayoyaimba nayajua. Anaimba mlango wa nyumba usiofunga vizuri tangu mtoto wake aolewe. Nani hana mlango wa hivyo? Wimbo ninaoupenda kuliko zote ni wa farasi. Alikuwa na farasi, maisha yakambana, akamuuza. Mnunuzi akaja na gari, farasi akapandishwa, na gari lilipoanza kuondoka farasi akageuza shingo akamtazama. Basi, hadithi yote ndiyo hiyo. Ubeti wa mwisho haimbi maneno, anaguna tu na gitaa lake, na kuna mahali sauti inamkwama. Hapo mimi huacha kukanyaga cherehani.

Mume wangu alikuwa ananicheka. Yeye ni mtu wa kusini, mchonga vinyago, na anapenda muziki wa dansi wenye matarumbeta, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Akipita kibarazani anasimama. "Huyo mama yako ana njaa?" Namwambia nenda zako. "Mbona analia hivyo? Mpigie simu aje ale." Miaka yote ndivyo tulivyoishi, yeye na matarumbeta yake, mimi na mama yangu wa jikoni.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea na mdomo ukaenda upande. Mguu ulirudi kiasi, akawa anatembea na fimbo, lakini anatembea chumbani tu. Kibarazani hakutoka tena. Rafiki yake wa drafti, mzee jirani ambaye kwa makabila yao ni watani, alikuwa anakuja kila alasiri na ubao wake kwapani. Mume wangu akisikia sauti yake anajifunika shuka. "Mwambie nimelala." Namwambia yule mzee kalala, mzee anatazama dirisha la chumbani, anaondoka. Na alikuwa anajua. Mtu gani analala kila siku saa kumi?

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kidogo sana. Nilitaka atoke akae kibarazani, aonekane na watu. Nilimbembeleza, nikamtajia daktari, nikamsifia jua la asubuhi. Anageukia ukutani. "Na huu mdomo?" ananiambia. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na niliogopa kwamba atabaki humo chumbani mpaka mwisho wake.

Kitu kimoja kilinishangaza. Siku moja aliniambia, "Mama, washa yule wa farasi." Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikawa nakaa pembeni ya kitanda na nguo za kupinda kwa mkono, tunasikiliza wote wawili. Nilimweleza maneno, naye akayashika. Mtu aliyezoea kuniambia mpigie simu aje ale sasa ananiambia nyamaza, anafika pale anapokwamaga.

Sasa ikaja ile siku. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha usiku kucha na maji yakaingia sebuleni. Asubuhi jua likatoka, nikafunika cherehani, nikawaomba majirani vijana wakanitolea makochi yote nje yakauke. Nikaenda uani kufua mapazia. Binti yangu alikuwa ameniletea spika, nikaiweka juu ya ukingo wa dirisha la chumbani ili tusikie wote, mume wangu kitandani na mimi kwenye beseni. Nikaweka wimbo wa farasi ujirudie. Baa ya ng'ambo wakaanza singeli yao, nami sikukubali kushindwa, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Aliye mtu wa mtaani kwetu ameshajua nilichokifanya. Kwetu msiba ukitokea, jambo la kwanza ni kutoa makochi nje ili wanawake watandike mikeka sebuleni. La pili ni nyimbo za taratibu kwenye spika. Na hapo hapo kazi yangu nimeifunga, na mtaa mzima unajua kuna mgonjwa ndani. Lakini mimi nilikuwa uani na mapovu yangu, sina habari.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu muuza vitumbua. Khanga moja kaifunga kiunoni, nyingine kichwani, machozi yanamtiririka. Akanikumbatia na sabuni yangu.

"Jamani shoga yangu! Jamani mie!"

Nikajua tu, mama yake wa Kimbiji, aliyekuwa anaumwa muda mrefu, ameondoka. Nikalia naye.

"Pole mwaya," nikamwambia. "Jikaze."

"Wa kujikaza ni wewe!"

Nikaona uchungu umemchanganya, nikazidi kumpapasa mgongo. Tulikuwa hivyo, tunabembelezana, kila mmoja anamhurumia mwenzake, wakati upande wa mbele nasikia sauti za watu na masufuria yakigongana. Nikatoka kwenda kutazama. Mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana alikuwa amesimama getini anaelekeza turubai lisimamishwe wapi. Wanawake walishavua viatu. Mchele umeshafika. Mwanamke huyo nampenda, lakini ni mtu wa kutenda kwanza kuuliza baadaye.

Akanijia kwa sauti ya chini. "Pole sana, mama. Baba amelala hospitali au yumo ndani?"

"Yumo ndani," nikamjibu, maana ndiko alikokuwa.

Kilio kikapanda. Hapo ndipo nilipotazama makochi, nikalitazama turubai, nikasikia yule mama wa Marekani anaguna ubeti wake wa mwisho juu ya vichwa vya watu, na akili ikanirudi. Nikafungua mdomo niseme, lakini nani anasikia?

Kabla sijapata pa kuanzia, akaingia yule mzee wa drafti. Kama ujuavyo, msibani mtani ana kazi yake, na kazi yake ni kumchokoza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Alikuwa amevaa koti nje ndani, ubao wa drafti kwapani, na macho yake mekundu kabisa. Akasimama chini ya dirisha la chumbani, akapaza sauti ambayo ilikuwa inatetemeka.

"Nyie watu wa kusini nyie! Huyu hakuumwa chochote! Huyu kanikimbia mie! Kila siku namfunga, kaona aibu, akajificha ndani anajifanya kalala. Sasa kaona haitoshi, kakimbilia kwa Mungu! Muoga mkubwa!"

Wanawake wakalia na kucheka kwa pamoja, kama inavyokuwaga. Kisha dirishani ikatoka sauti, maneno yamelegea lakini yanasikika.

"Nani kakukimbia?"

Muuza vitumbua alipiga ukelele, akanivamia tukaanguka wote juu ya kochi. Mwenyekiti aliachia sufuria. Tukasikia fimbo, ko, ko, ko, inapita koridoni, na mume wangu akatokea mlangoni, msuli kiunoni, kifua wazi, mdomo wake umeenda upande mbele ya mtaa mzima.

"Nani kakukimbia?" akarudia. "Wewe ndo nakufungaga mpaka unaenda kulala bila kula! Leta huo ubao."

Mzee hakuleta ubao. Aliuangusha, akaenda kumshika mabega, akawa anamtikisa na kulia kwa sauti kama mtoto, na bado anamtukana. Mume wangu akamtazama yeye, akatutazama sisi na khanga zetu vichwani, akalitazama turubai.

"Kwani nani kafa?"

Watu walitazama chini. Ikabidi nijibu mimi, na sikuwa na jibu zaidi ya lile la kweli.

"Wewe."

Alifikiri kidogo. "Kwa nini?"

Nikanyoosha kidole kwenye spika. Nikawaeleza, pale nilipokuwa nimeketi na sabuni yangu, kwamba huyu ni mama wa Marekani, anaimba jikoni kwake, hajafiwa na mtu, anamsikitikia farasi aliyemuuza. Kisha muuza vitumbua akauliza taratibu, "Ina maana sie tumemlilia farasi?" Nakwambia pale watu walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini kwenye matope.

Mchele ukishatoka kwa ajili ya msiba haurudi nyumbani, mwenyekiti alilisema hilo mara moja, na hakuna aliyembishia. Tukapika. Mume wangu akakalishwa kwenye kochi chini ya turubai lake mwenyewe, mzee wa drafti mbele yake na ubao kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisogeza kete kwa mkono wa kushoto. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo, na mzee akimfuta kwa ncha ya koti bila kuacha kumtukana. Wanawake wakaomba wimbo uwekwe tena, safari hii wausikilize wakijua. Muuza vitumbua alilia upya. "Masikini," anasema, "na alivyogeuza shingo!" Nikajisikia fahari utadhani nimeutunga mimi.

Baadaye nilimwandikia yule mama ujumbe chini ya wimbo wake. Nilitaka kumweleza yote, nikashindwa. Turubai nitaliandikaje kwa Kiingereza changu? Mtani je? Nikaandika kwamba mume wangu anampenda farasi wake, na ahsante. Alijibu mwenyewe, akauliza mume wangu hajambo. Nikamjibu hajambo.

Lakini ile jioni, watu walipotawanyika na turubai kuondoka, nilianza kurudisha makochi ndani na binti yangu. Likabaki lile alilokalia mume wangu, pale kibarazani. Nikasimama nikisubiri anyanyuke. Alikuwa anatazama njia, wanakopita watu, na kila aliyepita alimwamkia, naye aliitikia kwa mdomo wake uleule.

"Wamelia sana, eh?" akaniuliza.

"Sana."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata yeye."

Akatikisa kichwa. Nikamshika mkono nimwinue, akauvuta.

"Hili liache," akasema.

"Na mvua?"

"Liache hapahapa kibarazani. Kesho saa kumi yule mjinga anakuja na ubao."

Nikaliacha. Nikaingia jikoni, nikajifuta macho kwa khanga, na safari hii sikuwa namlilia farasi.